Walivyotaka Kumvika Mama Suruali

Mimi si mtu wa gemu. Niliishia darasa la saba, nauza mafuta ya alizeti hapa Mandewa, Singida, na simu yangu kazi yake ni kupiga, kupokea na kuangalia picha za watoto wa ndugu. Kwa hiyo nikisema jambo la gemu, anayejua anisahihishe. Lakini hili la kitenge nililiona kwa macho, na aliyekivaa ni mama yangu mzazi, basi nadhani nina haki kidogo ya kulisimulia. Siyo haki yote. Kidogo.

Mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu alipomaliza chuo Dodoma. Ni binti, mimi ni shangazi yake. Alikuja na begi la nguo, na kompyuta aliyoiviringisha ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Mchana kutwa alikaa nayo sebuleni. Nilivumilia, halafu nikauliza.

"Mwanangu, hilo gemu utalicheza mpaka lini?"

"Sichezi, shangazi. Natengeneza."

Wakati ule sikujua kama kuna tofauti. Sasa najua ipo. Anayecheza hucheka mara mojamoja.

Walikuwa vijana wachache waliosoma pamoja, kila mmoja yuko kwao, wanatengeneza gemu moja. Mchezaji anakuwa msafiri. Anapita vijijini, anaongea na watu, wanamtuma kazi, na akiifanya vizuri anazidi kuwa hodari. Mtu wa kwanza kukutana naye ni bibi mmoja anayetoka nyumbani kwake, anamfuata njiani na kumwomba amtafutie mbuzi aliyepotea. Huyo bibi alipewa mwanangu amtengeneze: sura, mwendo na mavazi. Na kwa kuwa bibi anayemjua vizuri ni bibi yake wa kijijini Mtinko, akamchukua mama yangu mzimamzima. Mgongo ule ule, kilemba kile kile, na mguu wa kulia unaochelewa kidogo. Siku aliyonionyesha uso nusura niiamkie kompyuta.

Shida ilikuwa nguo. Bibi akipiga hatua, kitenge kinaingia ndani ya paja na kutokea upande wa pili, kama vile miguu ni moshi. Mwanangu akahangaika, akaizungushia miguu kitu kama ngozi ya pili isiyoonekana, ili kitenge kikigusa hapo kisipite. Hilo likatibika. Lakini sasa kitenge kikaanza kuelea, taratibu, kinapanda kama nguo iliyodumbukia kwenye pipa la maji.

"Huyu yuko bwawani?" nikauliza.

"Yuko Singida, shangazi."

"Basi upepo wa Singida siku hizi umeokoka."

Hakucheka. Nilijuta kidogo, maana kwa kweli kazi ile ni ngumu kuliko nilivyodhani. Alinieleza kwamba nguo ya kompyuta siyo nguo, ni kama wavu wenye vifundo vingi, na kila kifundo lazima kiambiwe uzito wake, kinamvutaje mwenzake, na kinagoma kiasi gani kukunjwa. Kimoja kikikosea, vyote vinakifuata. Nikamwambia hiyo ni kamati ya harusi. Hapo akacheka.

Siku moja nikiwa nachambua mchele, wenzake wakampigia simu, akaweka sauti kubwa. Kijana mmoja akasema, tena kwa upole, "Dada, gemu tunalionyesha Jumamosi. Mvike bibi suruali tuendelee. Suruali inashika mguu, haisumbui."

"Bibi gani wa huku anavaa suruali?"

"Bibi anayetafuta mbuzi."

"Ya jinzi," akadakia mwingine.

Wakabishana, wakataniana, mwisho wakapatana: Ijumaa kitenge kisipotembea kama kitenge, bibi anavaa suruali. Sipendi kuwaonea wale vijana. Kazi ilikuwa ya wote, na mtu wa kwanza unayekutana naye mlangoni akiwa kituko, nyumba nzima umeshaicheka. Mimi mwenyewe ningekuwa mmoja wao pengine ningesema suruali.

Lakini alipokata simu nilimwona uso. "Akivaa suruali atakuwa bibi wa mtu mwingine," akasema, na akaendelea kuitazama simu iliyokwisha kuzima.

Basi tukapanga kwenda Mtinko kumpiga video mama akitembea kwenye upepo, aone kitenge cha kweli kinafanya nini. Nikampigia mama mapema kumwarifu kwamba anakuja kupigwa video. Nafikiri mambo yaliharibikia hapo, ingawa wakati ule niliona ni adabu tu.

Tulimkuta amekaa nje anatungoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umekuja kuninyang'anya nini?"

"Nimekuja kuchukua video yako."

"Mume ulishachukua. Sasa na video."

Babu yake alifariki zamani, lakini ugomvi wao wa uke wenza haujaisha, wanamgombania hata kaburini. Mama anasema babu alimpenda zaidi mke mkubwa. Mwanangu anasema mwenye mapenzi hasemi, ananunua pipi, na pipi alikuwa akinunuliwa yeye.

Mama alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu na njano, amekitoa sandukuni asubuhi hiyo, mikunjo imejipanga kama ramani ya viwanja. Kilinukia harufu ya dukani. Akipiga hatua kinalia kwaru, kwaru. Nilimsifu, na mwanangu akamsifu. Kwetu mtu hapigwi picha na nguo ya jikoni. Watu wanaazima shati kwenda kupiga picha ya kitambulisho, itakuwa mtu mzima anayechukuliwa video na mjukuu? Mama akatembea toka jikoni hadi zizini na kurudi, shingo imenyooka kama anaitwa mbele kupokea cheti. Upepo ulikuwa unapeperusha pumba hadi kwa jirani. Tulirudi tumeridhika.

Mwanangu akakaa na ile video, anatazama, anabonyeza, anatazama. Alipomaliza akaniita. Yule bibi wa kwenye kompyuta akatoka nyumbani kwake akitembea kama kengele. Kiunoni mtu, chini bati. Akigeuka, anatangulia kugeuka yeye, halafu kitenge kinafikiri, ndipo kinamfuata.

Nikamshauri aongeze uzito. Akaongeza. Sasa ikawa kama amejifunga turubai la lori lililonyeshewa. Nikaona ushauri wangu umetosha.

"Lakini shangazi, nimefanya sawasawa na video."

Tukaweka simu kando ya kompyuta. Ni kweli, sawasawa kabisa. Kompyuta haikusema uongo. Ni mama ndiye aliyetembea kama kengele, na sisi tulisimama pale tukamsifu.

Kwa nini, sikujua, na sitajifanya nilijua. Mwanangu akatoka nje kuanua nguo. Nikamwona dirishani amesimama mbele ya kitenge changu cha siku zote, kile ninachobebea kuni na kujifutia mikono. Upepo ulikuwa unakiviringisha kwenye kamba, unakiachia, unakiviringisha tena. Akakishika, akakifinya viganjani kikaingia chote. Akarudi nacho ndani.

"Shangazi. Kile cha bibi kimewahi kufuliwa?"

Kesho yake, Alhamisi, tulikuwa Mtinko tena. Mwanangu akamweleza bibi yake vizuri, kwa heshima, kwamba anaomba avae kitenge cha kila siku. Mama alikuwa amekivaa hicho hicho, kimepauka, pindo limeliwa na kaa la moto. Akakitazama kama ndiyo kwanza wanakutana.

"Hiki?"

"Hicho, bibi."

"Hilo gemu wataliona watu wengi?"

"Mungu akijalia, wengi."

"Basi sivai."

"Bibi, usipovaa wenzangu watakuvika suruali."

Mama akafikiri. "Hiyo suruali ni mpya?"

"Eee?"

"Nauliza, suruali ni mpya au kuukuu?"

"Ni... mpya."

"Wanivike."

Mwanangu akanitazama nimsaidie. Mimi nikatazama mbuzi. Nilimwonea huruma mtoto, kweli, lakini na mama nilimwona ana haki. Mtu amefua, amepika, amelima maisha yake yote na kitenge kilichopauka, halafu siku ya kuonekana na watu unamwambia aje nacho hicho hicho. Mimi ningekubali? Nadhani ningekubali kwa mdomo, halafu ningekuja na kipya.

Mwanangu akakaa kwenye kigoda. Hakubisha wala hakurudisha utani. Mama anaweza kustahimili mengi lakini siyo utani usiojibiwa.

"Mke mwenzangu, mbona kimya?"

"Sina la kusema, bibi. Nilitaka awe wewe, basi. Kesho ndiyo mwisho wao."

Kuku wakapita katikati yetu. Mama akasema neno kwa Kinyaturu ambalo sitaliandika, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kile kipya kikifuliwa, kitalainika?"

"Kikifuliwa sana."

"Lete beseni."

Nikauliza, kwa kujua tu, alikuwa anakiweka cha nini muda wote huo sandukuni. Akajibu huku anakunja mikono ya blauzi, bila kutazama mtu: alikiweka tangu mjukuu wake alipoanza chuo, akivae siku ya sendofu yake, mjukuu akiagwa kwenda kuolewa.

Hapo mambo yakageuka. Mwanangu akasimama akashika beseni. "Basi bibi, kiache. Tuvae suruali tu."

"Achia beseni."

"Bibi, kitapauka. Sendofu utavaa nini?"

"Sendofu ya nani? Bwana yuko wapi? Nionyeshe bwana, sasa hivi, nitaacha kufua."

Mwanangu hakuwa na bwana wa kuonyesha. Akaachia beseni.

Tulikifua kitenge kile kutwa. Maji ya moto, sabuni ya mche, suuza, anika; upepo ukikikausha kabla hatujamaliza kunywa chai, tunakirudisha tena kwenye maji. Mama alikipiga juu ya jiwe kama anakidai deni. Maji yalitoka bluu, halafu bluu kidogo, halafu ya kawaida. Njano ilipungua. Nilimwona mwanangu akiiangalia ile njano ikipungua, ila kila safari alikuwa wa kwanza kuinua ndoo ya maji.

Jua lilipoanza kulegea mama akakivaa bila pasi. Hakikulia kwaru. Kilimkaa kiunoni, kikamwangukia magotini, kikawa kinamfuata bila kubishana. Mwanangu akawasha simu kumpiga video, mama akatembea kwenda zizini huku anatusimulia habari ya jirani aliyeuza jogoo mgonjwa. Njiani upepo ukatoka kule kwenye mawe makubwa nyuma ya zizi. Sisi tulikuwa hatujausikia bado, lakini mkono wa kushoto wa mama ulishashuka, ukabana kitenge pajani, upepo ukapita, mkono ukarudi juu kuendelea kuonyesha yule jogoo alivyokuwa analegeza kichwa. Hakukatisha hata neno.

Mwanangu akairudia hiyo sehemu ya video kwenye simu, akairudia tena. "Mkono," akasema. "Mimi muda wote nimehangaika na vifundo, sikumpa mkono."

Ijumaa alifanya kazi sebuleni, nami nilijizuia kushauri. Alipowatumia wenzake tukakaa kungoja. Nilimenya vitunguu kuliko tulivyohitaji. Simu ilipoita akaweka sauti kubwa.

"Rudisha nyuma," mmoja akasema huko. "Hapo upepo unapokuja. Umeona? Anashika kabla." Halafu akasema, "Mama yangu anafanya hivyo hivyo."

"Kwa hiyo?" mwanangu akauliza.

"Kwa hiyo suruali tutampa mbuzi."

Lazima niseme, ili nisije nikaonekana nampigia debe mtoto wangu, kwamba kitenge hakikukamilika. Bibi akigeuka kwa haraka, pindo bado linaingia kisiginoni kidogo. Niliwaambia, wakasema wanajua. Pia njano aliyoiweka ni ile ya mwanzo, kabla ya kufuliwa. Hilo sikumwuliza.

Jumamosi ilipopita, tukaichukua kompyuta tukampelekea mama Mtinko ajione. Tuliiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akavuta kigoda akasogea. Bibi akatoka nyumbani kwake, kitenge cha bluu na njano kinamfuata, upepo ukaja, mkono ukashuka, ukapanda. Mama hakusema kitu kuhusu sura wala mguu unaochelewa. Aliinama, akainamisha kichwa zaidi, kama anayetaka kuchungulia chini ya meza.

"Ndani umemvika shimizi?"

Nilitaka kucheka, lakini mwanangu alijibu kwa makini kabisa, kama anajibu mwalimu, nadhani akiwaza ile ngozi ya pili.

"Nimemvika, bibi. Liko miguuni lote. Halionekani tu."

"Ndivyo linavyotakiwa," mama akasema. Akaegemea ukuta, akaomba arudishiwe tangu mwanzo.