Ndege ya Bei ya Basi

Kitu cha bei rahisi hunitia wasiwasi. Shirika moja la ndege lilipofungua kiduka Mbarara na kuuza tiketi ya Nairobi kwa bei inayokaribia ya basi, nilijua kuna namna.

Huku Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, wiki haikuisha kabla ya kuijua namna yenyewe. Tuliambizana baada ya misa kwamba nauli inalipwa na watu wa kule nyumbani tulikotoroka, ili waturudishe mikononi mwao. Unapanda Entebbe ukidhani unakwenda Nairobi, unashushwa Bujumbura. Hakuna aliyejua habari hizo zimetoka wapi, nami niliziamini zote.

Mama yangu alitaka kwenda. Dada yangu mkubwa alikuwa amelazwa Nairobi, figo zimegoma, na mgongo wa mama usingestahimili basi mchana na usiku. Hati yake ya kusafiria ilikuwa tayari. Niliifungia sandukuni mwangu. Kila asubuhi aliniuliza, kila asubuhi nikamwambia tungoje kidogo.

Mteja wangu wa nyanya Mbarara, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya huko, alipanda ndege ile, akaenda na kurudi. Nikamhoji kama polisi: vibao vya uwanjani vimeandikwa lugha gani, nani alikupokea, ulikula nini huko. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nilienda, nilirudi," alisema. "Sasa wewe unaogopa nini?"

Hata hivyo nikasubiri aende tena, maana huenda mara ya kwanza walikuwa wanamtega. Yeye Mganda, wangemtegea nini? Sikujiuliza.

Aliporudi mara ya pili nilichukua hati nikaenda kukata tiketi. Nilikuta kufuli. Karatasi mlangoni ilisema safari zimesitishwa, na mlinzi akanieleza kwamba ndege zilikuwa za kukodi na wenyewe wamezichukua, shirika limekwisha.

Rubondo walinipongeza kwa kuwa na jicho la kuona mbali. Naona haya kusema, lakini nilifurahi siku nzima.

Dada alifariki kabla ya mwezi kuisha. Siku ya matanga jirani mmoja alimwambia mama amshukuru Mungu kwa binti mwenye akili, aliyemwepusha na ndege ya matapeli. Mama alinigeukia mimi.

"Ile ndege ilikuwa inaruka," alisema. "Ni wewe uliogopa. Mie hata wangenishusha Bujumbura, ningetoka huko na miguu mpaka kwa mutoto wangu."