Ubeti wa Pili

Televisheni sijawahi kuiona. Wanasema Visiwani ipo, tena ya rangi, na huko mtu anamwona mwimbaji mpaka meno ya nyuma. Sisi wa bara tuna redio, na kwenye redio mwimbaji unamtengeneza mwenyewe kichwani. Mimi niliwatengeneza wote warefu, wana afro na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Halafu redio yenyewe ikaja Morogoro kurekodi waimbaji wa mkoa mbele ya watu, kwa mashindano, nikagundua kwamba nusu yao ni wafupi kuliko mwalimu wetu wa hesabu, na mwalimu wetu wa hesabu huandika ubaoni akiwa amesimama juu ya tofali.

Ningekwenda hata kama nisingekuwa na ndugu jukwaani. Ukinikuta nimenyamaza ujue kuna wimbo unapigwa mahali. Nimeshachapwa kwa kupiga dawati ngoma katikati ya somo la siasa, na mwalimu akasema kwa uchungu kwamba kama ningeyajua maazimio kama ninavyojua magitaa, taifa lingekuwa mbali. Lakini safari hii alikuwamo mjomba.

Huyu mjomba ni mdogo wake mama. Analima kabichi na karoti juu milimani, kwenye miteremko ambayo ukijikwaa unaangukia shamba la mtu mwingine. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuja kula pilau ya sikukuu akaondoka. Ukoo wangu ni wa mama, kwa hiyo mwenye mimi ni yeye. Kunichapa ni haki yake, na hajawahi kuitumia, kwa sababu kila akishika fimbo nilikuwa namchekesha kwanza. "Wewe mjomba," ananiambia, maana na yeye huniita hivyo hivyo, "utakufa unacheka, tutashindwa kukufunga mdomo." Na sauti aliyokuwa nayo, jamani. Harusini, kwenye ngoma, misani, akianza yeye wengine wanageuka waitikiaji tu, hata padri.

Masika yaliyopita sauti ikaanza kukwaruza. Akadhani vumbi la mahindi. Sista wa zahanati ya misheni akammulika kooni kwa tochi, kisha akaandika barua ya hospitali kwa haraka ambayo mjomba alisema hakuipenda. Akapelekwa Dar. Huko daktari akamwambia bila kuzunguka: kuna uvimbe, koo litakatwa, ukipona utapumua kwa tundu la shingoni, na sauti haitarudi tena. Wakampa muda kidogo arudi kuaga shamba.

Kisu hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni Bibi.

Bibi ni mama yao, mama yangu na mjomba. Anaishi na mjomba huko juu, na macho yake yameingia ukungu siku nyingi. Anaona mwanga na kivuli, basi. Watu anatujua kwa sauti. Mimi ananijua kabla sijapiga hodi, kwa kuwa huwa nafika nikiwa tayari nabishana na mtu. Mjomba alikuwa akitoka shambani anaanzia kuita kwenye mgomba wa mwisho, "Mama, nimekuja!" na Bibi anafunua chungu. Kila siku hivyo. Sasa mtu ambaye mama yake anamwona kwa masikio, wakimkata koo, wamemkata wapi?

Ndiyo maana aliposikia kwamba redio inakuja, akamwambia mama, "Dada, naandikisha jina langu."

"Na hali hiyo? Ukashindane na vijana?"

"Sishindani na mtu. Nataka ibaki kwenye utepe. Wataipiga redioni, Mama ataisikia, na itakuwa ipo."

Wimbo aliutunga mwenyewe, beti mbili. Wa kwanza ni wa ukungu wa asubuhi na akina mama wanaoshuka mjini na matenga ya mboga vichwani. Wa pili unamwita Bibi. Na hapo lazima nieleze jambo, maana mgeni hawezi kulijua. Kwetu mtu akikuita ndani ya wimbo, unasimama. Unakwenda mpaka alipo, unamtunza: sarafu, kanga, yai, chochote ulichonacho. Ukibaki umekaa umemkana mbele za watu, na watu hawasahau. Nimeona mzee aliyeitwa harusini akiwa hana kitu, akavua kofia akaitoa, akarudi nyumbani na jua kichwani.

Jumamosi ya mashindano ukumbi ulijaa mchana kweupe, joto la kuivisha maembe. Nilikuwa mstari wa tatu, katikati ya mama na Bibi, nikiwa na sare ya shule kwa sababu shati langu lingine lilikuwa ni lile lile. Bibi alikuwa na kitu chini ya kanga, nacho kilikuwa kinahema.

"Bibi, huyo kuku wa nini?"

"Wa mwanangu."

"Na yeye ataimba?"

"Ataimba tumboni mwako usiponyamaza."

Mama akainama. "Mama, leo hakuna kutunza. Hii ni redio."

"Kwani redio haina mama?" akasema Bibi.

Mtu wa redio alikuwa amevaa suti ya Kaunda na visikizio kama vikombe viwili vya chai masikioni. Alituambia kwamba taa nyekundu ikiwaka hakuna kukohoa, hakuna kupiga makofi, hakuna vigelegele mpaka yeye ainue mkono. Maelezo mazuri sana kwa mtu mwenye macho.

Kwanza walipanda vijana wa mjini na suruali zao za bugaluu, pana miguuni, wakaimba Kilingala walichotengeneza wenyewe. Angekuwapo Mkongo mle ndani angeomba hifadhi. Ikafuata kwaya ikaimba habari za mbolea, beti baada ya beti, mpaka nikaionea huruma mbolea. Nilikuwa nasema haya kwa sauti ya chini na watu wa nyuma wanacheka kwenye viganja. Nilikuwa na furaha, sifichi. Nilikuwa naona jinsi wimbo unavyotengenezwa, nyaya, kipaza sauti, gurudumu la utepe likizunguka polepole kama mtu anayewaza.

Akapanda mjomba na gitaa lake. Alikuwa amekonda, kola ya shati inamzunguka bila kumgusa. Taa ikawaka.

Sijui alikuwa ameificha wapi ile sauti miezi yote. Ilitoka nzima. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, lakini mkwaruzo ule ulizidi kuifanya iwe ya mtu. Akaimba ukungu, akaimba matenga, akaimba utelezi wa njia ya kushukia, na wale vijana wa bugaluu waliokuwa wanachekana pembeni wakanyamaza mmoja mmoja. Mimi pia. Mama alikuwa amenishika goti anaminya kama anakamua nguo.

Ukaja ubeti wa pili. Mjomba akafumba macho akaimba: *Mama, uko wapi, nimekuja, mama yangu, uko wapi.*

Bibi akasimama.

Mama alimdaka kanga, akabaki na kanga mkononi. Bibi huyo, akipapasa mabega ya watu, na watu wanampisha kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nani atamzuia mama aliyeitwa na mwanawe? Kila mtu mle ndani alijua anakwenda wapi isipokuwa mtu wa redio, ambaye alikuwa anatikisa mikono yote miwili kama anafukuza nzige. Ila Bibi hakwenda jukwaani. Sauti ilikuwa inatokea kwenye lile sanduku kubwa la spika pembeni mwa ukuta, na kwake yeye sauti inapotokea ndipo mtu alipo. Alifika pale, akapiga magoti mbele ya sanduku, akalinyooshea kuku kwa mikono miwili.

"Niko hapa, baba," akasema. "Pokea."

Sanduku halikupokea. Kuku akachomoka, akapiga kelele za mwizi, akaruka juu ya meza ya utepe, akarukia nyaya. Spika ikalia mlio mmoja mrefu uliotuingia kwenye fizi. Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka. Ilichekesha.

Bibi alikuwa bado amepiga magoti, anapapasa lile sanduku juu na chini, anatafuta uso.

Mjomba aliweka gitaa chini akateremka. Hakuacha kuimba. Alimwendea huku anaimba bila kipaza sauti, kicheko kikawa kinapungua kadiri anavyopita, akachuchumaa nyuma yake, akamalizia ubeti sikioni mwake. Sisi wengine hatukusikia maneno. Tuliona mdomo wake unakwenda, na Bibi anaitikia kwa kichwa, mkono wake umefika kwenye koo la mjomba na kubaki hapo.

Mtu wa redio hakuwa mbaya. Alisubiri. Baadaye akaja akasema, "Mzee, tutengeneze nyaya, urudie. Wimbo ni mzuri mno."

Mjomba akanywa maji, akapanda tena. Ubeti wa kwanza ulikatika kwenye neno la pili. Akakohoa, akaanza tena, ikatoka pumzi tupu. Mara ya tatu alifungua mdomo akasimama hivyo tu, ameshika gitaa, na taa nyekundu inawaka, na sisi watu wote tumetii maagizo, hakuna hata aliyekohoa.

"Pumzika, mzee," akasema yule bwana. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Tutatumia tulichonacho, ule ubeti wa kwanza."

Zawadi alichukua mmoja wa wale wa Kilingala. Kuku tulimkuta nyuma ya pazia, na kwa kuwa alishatolewa hakuna aliyethubutu kumrudisha kwa Bibi. Mjomba alipanda naye mlimani, amembana chini ya kwapa. Wiki iliyofuata akaenda Dar kukatwa.

Aliporudi mimi na mama tulikuwa kule juu tunamsubiri. Nilimwona anapandisha njia, kitambaa cheupe shingoni. Akafika kwenye mgomba wa mwisho, akasimama. Nadhani alitaka kuita kwa mazoea, maana niliona kifua kinapanda. Akaja mpaka mlangoni.

"Nani?" akauliza Bibi.

Tukasikia tundu la shingoni linapumua.

"Nani huyo? Karibu, sema basi."

Mama ndiye aliyejibu, "Ni mwanao, Mama," na Bibi akainuka akamshika uso wote, pua, masikio, nywele, kama mtu anayekagua kitu alichoazimisha. "Ndiyo," akasema mwishowe. "Ndiye." Lakini baada ya muda mjomba alitoka nje kidogo, na aliporudi Bibi akauliza tena, "Nani?"

Na hakuna aliyemwambia Bibi habari za utepe. Nani amwambie? Yeye alijua mwanawe alimwita, naye akaitika, mbele ya mkoa mzima. Alichokuwa anasubiri ni redio ipige, majirani wasikie anavyoitwa.

Walipiga Jumapili moja, baada ya misa. Majirani wamekaa mpaka uani, wengine bado na rozari mikononi. Bibi alikuwa ameweka kiganja juu ya redio ya mjomba kama anapima homa. Mjomba alikaa upande wa pili, karibu na vifundo vya kuwashia, na mimi nilikuwa miguuni pao.

Gitaa. Halafu sauti yake.

Sijui nieleze vipi. Mtu amekaa pale amefunga mdomo, kitambaa shingoni, na sauti yake inatoka kwenye mbao za redio mbele ya magoti yake, nzima, inaimba ukungu. Watu hawakujua wamtazame nani. Bibi alitabasamu. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Aliketi sawasawa, akajitengeneza kanga, ubeti wa kwanza ulipokuwa unakwisha, tayari kwa kuitwa.

Kitambo kidogo cha gitaa. Kisha mtangazaji akavuta pumzi ili aanze kuongea, nami nikajua, na mjomba akajua, na mkono wake ukafika kwenye kifundo kabla yule bwana hajasema neno. Kik. Redio ikafa.

"Vipi?" akasema Bibi. "Mbona hajaniita?"

Mjomba akanitazama. Katika maisha yangu mjomba amenitazama mara nyingi akitaka ninyamaze. Hii ilikuwa mara ya kwanza kunitazama akitaka niseme.

"Betri, Bibi," nikasema. "Betri zimekufa. Si unajua betri za siku hizi, zinatoka dukani zikiwa tayari zinaumwa."

Jirani mmoja alikohoa. Mama alikuwa amegeukia ukuta.

"Zimekufa pale pale?"

"Pale pale. Zina adabu mbaya sana."

Bibi akafikiri. Mkono wake bado ulikuwa juu ya redio, unaisikiliza. "Basi zianikwe," akasema. "Zikipata jua zinapona. Zikipona mtaniwashia, nisikie kilichobaki."

Mjomba akafungua mgongo wa redio, akatoa betri moja moja, akazibeba kifuani kama mayai, akainuka kuelekea kwenye jiwe la uani ambako jua linafika. Bibi akageuza uso upande wa mlango.

"Nani huyo anatoka?"

"Ni yeye, Bibi," nikamwambia. "Anakwenda kuanika betri."