Swali Langu Langoni

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikilala mtaa wa Mukuru, Nairobi, chumba kimoja na mchonga vinyago kutoka Ukambani. Vinyago vilikuwa vimekosa wanunuzi, kwa hiyo kila alfajiri tulitembea pamoja hadi Industrial Area, eneo la viwanda, kutafuta kibarua katika kiwanda cha makasha ya mbao. Tulipanga mstari langoni. Nyapara alipita akigusa mabega, ukiguswa, unaingia. Hakuna aliyezungumza kabla hajamaliza. Ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyetufundisha.

Mwenzangu alisimama siku zote mwisho wa mstari, bega la kushoto likigusa ukuta. Jambo hilo liliniwasha kwa wiki kadhaa. Asubuhi moja, nyapara akiwa hatua tatu tu kutoka kwetu, likanitoka:

“Mzee, kwani hilo jicho la kushoto huona? Jana nilikupungia mkono ukanipita kama nguzo ya stima!”

Watu wakacheka. Nyapara hakucheka.

“Wewe, funika hilo lingine.”

Akafunika la kulia. Nyapara akainua ngumi.

“Vidole vingapi?”

Mwenzangu akakisia. “Viwili, mkubwa.”

Safari hii hakuna aliyecheka.

“Msumeno wangu utakukata mkono, kisha nitaulizwa mimi. Nenda nyumbani.” Akageuka, akanigusa bega mimi.

Nikaingia. Hilo ndilo ninaloona haya kulisema, kwamba niliingia.

Jioni nilirudi na mkate. Alikuwa amechemsha chai, vikombe viwili, kama kawaida. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakikanyagana mdomoni.

“Kibanzi cha mpingo kilinirukia jichoni, mwaka juzi,” akasema. “Ungeniuliza hapa ndani, ningekuambia.”

Alijaribu malango mengine siku nne. Habari ilikuwa imemtangulia, vibarua husimuliana. Siku ya tano akafunga patasi zake kwenye gunia, akaniachia sufuria, arudi Ukambani.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa na swali moja: huko nyumbani, watoto wake watakula nini? Nililitafakari neno kwa neno, nikalipima, nikaliona zito. Nikalimeza.

Alinipa mkono, akaenda, na kichwa amekigeuza kidogo upande wa kushoto, ili jicho la kulia liione njia.