Uzi wa Kwenda Jeddah

Tarehe 6 Machi 1995, mkata tiketi za basi wa Makambako alibandika ramani ya dunia kando ya dirisha lake, na tangu hapo kila safari huipima kwa uzi. Hulamba ncha, huuvuta taratibu, hukohoa, kisha hujibu. Bi Salha, aliyesita kwenda Hija kwa kuogopa kukaa angani siku tatu, leo alimwomba apime Dar es Salaam hadi Jeddah.

“Kilomita elfu tatu na ushee. Saa tano, mama, pamoja na nusu saa ya kula.”

“Ndege inasimama wapi watu wakale, baba?”

Akakohoa tena. “Basi tuitoe. Nne na nusu.”

“Na basi lako la Dar linachukua saa kumi na moja!” Bi Salha alicheka hadi akashika ukuta. Kesho asubuhi anakwenda kupiga picha ya pasipoti.