Maana ya Kisima cha Nyumbani

Ofisini tulimwita Mama Maana, na hakununa. Kazi yake ilikuwa kuandika kile kifungu cha mwanzo cha kila kanuni ya wilaya yetu ya hifadhi ya maji, kinachoeleza neno lipi lina maana gani. Miaka ishirini na miwili meza ileile, miwani imeshikizwa kwa uzi. Mimi, mkaguzi wa visima, nilimtania kwamba ukimwuliza hujambo, atataka kwanza mkubaliane jambo ni nini.

Mwaka ule maji ya ardhini yalishuka vibaya. Wenye mashamba makubwa walikuwa wamesajili visima vyao kama vya nyumbani, kwa kuwa kisima cha nyumbani hakikuhitaji kibali na kiliruhusiwa kumwagilia "bustani ndogo". Bustani ndogo ya mmoja wao niliizunguka kwa pikipiki robo saa nzima. Mama Maana akachukia. Akaifuta bustani kabisa: kisima cha nyumbani kikawa cha kunywa, kupika, kuoga na kufua, basi. Nilimpongeza, siwezi kukana.

Sheria inataka kanuni mpya isomwe hadharani, kisha watu wapewe siku thelathini za kupinga. Aliisoma ukumbini mwenyewe, neno kwa neno. Watu walisinzia kwenye maana, wakazinduka kwenye faini. Dada yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza miche ya mboga, alikaa mstari wa mbele akapiga makofi kuliko wote. Siku thelathini zikapita bila pingamizi hata moja.

Ndipo nikaanza ukaguzi, na kisima cha saba kilikuwa cha dada huyo. Matuta kumi na manne ya miche, yote yanategemea pampu moja. Vibali vipya vilikuwa vimesimamishwa mpaka maji yapande. Ilibidi pampu ifungwe kwa lakiri, na miche ikauke.

Habari zilifika ofisini kabla yangu. Karani mmoja akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia afunge mdomo.

"Nilikuwa nawaona wale wakubwa tu," Mama Maana aliniambia. "Bustani ya dada sikuiona. Nimekulia mle."

"Andika barua ya pingamizi, weka tarehe ya nyuma," nikamwambia. "Nitasema niliipokea mimi nikaisahau, na kanuni itarudi kujadiliwa. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Na yule wa robo saa kwa pikipiki ataleta yake kesho."

Niliona aibu, na bado nilitamani akubali.

Notisi ya kufunga pampu lazima isomwe mbele ya mwenye kisima. Nilijitolea kuisoma mimi, Mama Maana akakataa. Alisimama katikati ya matuta akaanza, na kwenye "kunywa, kupika" akapoteza mstari, akaanza upya. Dada yake alisikiliza mpaka mwisho, mikono ina udongo.

"Haya ndiyo yale uliyosoma ukumbini?"

"Ndiyo, dada."

"Siku ile sikusikia hata moja, mdogo wangu. Nilikuwa nakutazama wewe."

Kisha akaenda kuizima pampu mwenyewe, akasogea pembeni kunipisha.