Bwana Si-Sisi na Kengele ya Wodini

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ofisini tunamwita Bwana Si-Sisi, na jina hilo hakupewa bure. Programu ikikwama, si sisi. Skrini ikizima, si sisi. Siku alipomwagia chai kibodi ya mwenzake, alianza kwa kuilaumu meza. Nami nimeadhibiwa mara mbili: nyumbani ni ndugu, na kazini tunakaa bega kwa bega, yeye akiandika programu, mimi nikizijaribu.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya kengele za wodini. Mgonjwa anabonyeza kitufe kitandani, kisanduku cha ukutani kinapokea, taa inawaka mezani kwa muuguzi. Basi. Shemeji aliiandika kwa mbwembwe zake zote.

Sasa, programu huazima nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, na ikimaliza inapaswa kuirudisha. Isiporudisha, tunasema inavuja: nafasi inakwisha kidogo kidogo mpaka mashine inaganda. Ndiyo maana tunajaribu kila kipande cha programu peke yake, na programu nyingine, kikaguzi, inaangalia kama kilichoazimwa kimerudi. Kisiporudi, skrini inakuwa nyekundu.

Ikawa nyekundu. Shemeji akatazama, akacheka. "Dada, hii ni maktaba ya mfumo. Si sisi." Maktaba za mfumo ni vipande vya programu vinavyokuja na mashine yenyewe, wengine wameviandika, sisi tunavitumia tu. Na safari hiyo, lo, alisema kweli! Maktaba ile ilishika nafasi kidogo wakati wa kuwashwa na haikuiachia. Ilikuwa kidogo tu, haikuongezeka, wala haikumdhuru mtu. Desturi yetu kwa jambo kama hilo ni kukiambia kikaguzi kinyamazie sehemu hiyo moja, kwa jina lake.

Yeye akakiambia kinyamazie chochote kinachopita kwenye maktaba hiyo. Chochote! Na kila kitu chetu kinapita humo. Kaona panya mmoja jikoni, basi kaamua awe anaingia jikoni macho kafumba. Tangu hapo majaribio yakawa kijani tupu, naye akawa anatembea ofisini kifua mbele.

"Shemeji, punguza huo msamaha ulioipa maktaba," nikamwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Dada nawe kwa kutafuta makosa! Mkubwa keshapitisha."

Kweli alipitisha. Mkubwa wetu anaipenda rangi ya kijani kuliko mbuzi. Visanduku vikapelekwa hospitali, vikafungwa.

Haukupita muda, Mama yetu akavunjika nyonga, akalazwa kwenye wodi hiyo hiyo. Shemeji alijigamba mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakachoka. "Mama, hii kazi ya mikono yangu. Wewe bonyeza tu, wanakuja mbio." Na mwanzoni walikuja.

Mama hajawahi kumpokea mkwewe kichwa wazi, hata akiwa na homa. Alasiri moja Shemeji aliingia kumwona, mimi na mdogo wangu tukiwa nyuma yake. Mama alikuwa ameuelekeza uso ukutani, shuka limelowa. Alikuwa amebonyeza kuomba chombo cha haja, akabonyeza tena na tena, na kisanduku kimeganda kimya.

"Mtoeni mkwe wangu," alisema. Sauti ile ilinikata maini.

Na huyu bwana, pale koridoni, unajua alisema nini? "Labda hakubonyeza sawasawa." Mdogo wangu, ambaye hata paka hamkemei, akamwambia, "Nyamaza." Mimi mkono uliniwasha, nikauficha kwenye mkoba.

Nilirudi ofisini nikaufuta ule msamaha wake, nikaacha ile sehemu moja tu. Skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini. Nikafuata uvujaji hatua kwa hatua mpaka nikafika kwenye mistari aliyoiandika Shemeji mwenyewe. Kila kitufe kilipobonyezwa, maktaba ilimpa nafasi ya kuweka namba ya kitanda, na maelezo ya maktaba hiyo yanasema wazi: ukipewa, wewe ndiye wa kurudisha. Hakurudisha hata mara moja. Yaani wagonjwa walikuwa wanaiua kengele kwa kuitumia. Kadiri walivyoumwa na kuita, ndivyo walivyoikaribisha siku ya kutoitikiwa.

Alirekebisha kwa mstari mmoja. Mstari mmoja, jamani! Na bado akanung'unika kwamba maktaba yenye adabu ingejirudishia yenyewe.

Programu mpya ikawekwa. Shemeji akaenda mwenyewe, nami nikamfuata, kumwonyesha Mama, aliyekuwa ameketi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Akabonyeza kitufe, muuguzi akafika mbio.

"Umeona, Mama? Imepona kabisa."

"Nimeona, baba. Ahsante."

Tukakaa, tukazungumza habari za nyumbani. Baadaye kidogo Mama akashikwa na kiu, na jagi lilikuwa tupu. Kitufe kilikuwa juu ya shuka, karibu na vidole vyake. Akakisogeza pembeni taratibu, akachukua kikombe cha bati, akaanza kugonga chuma cha kitanda, ko, ko, ko, huku anamtazama mkwewe usoni, mpaka muuguzi akaja.