Mvua ya Mama wa Ikuti

Redio za watu binafsi zilipoanza, nilikuwa fundi wa sauti za michezo ya kuigiza hapa Tukuyu. Mvua yangu ilikuwa mchele unaodondoka kwenye sinia. Siku moja mama mmoja wa Ikuti alikuja mapokezi na jani bichi la mgomba.

"Mwanangu, yule mjane wa mchezo wenu si anakaa migombani? Mbona mvua yake inanyesha kwenye bati?"

Akanishikisha jani, akaomba ule mchele, akaudondosha taratibu kati ya vidole. Dada wa mapokezi, aliyekuwa ametupa mgongo, akainuka kufunga dirisha. Nje kulikuwa na jua.

Mvua ile ilinipa sifa, nami nikazipokea kama zangu. Leo nazirudisha Ikuti. Ndaga, mama. Asante.